Shajara ya mradi: wanawake na fomu ya uenyekiti, Kigoma, Julai 2024 hadi Januari 2025

Julai, mwanzo wa kazi

Mradi umeanza katika baadhi ya mitaa ya Manispaa ya Kigoma Ujiji na vijiji vichache vya Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma, vya mwambaoni na vya juu milimani njia ya Kalinzi. Uchaguzi wa serikali za mitaa unakuja mwishoni mwa mwaka, na tunataka wanawake wachukue fomu ya uenyekiti: wa kitongoji, wa kijiji, wa mtaa.

Kwenye kikao cha kwanza palikuwa na mabishano. Wenzetu wawili walitaka tuelekeze nguvu kwenye ujumbe wa halmashauri ya kijiji kupitia kundi la wanawake, kwa kuwa huko hakuna ushindani na wanaume. Nilipinga, na bado napinga. Nafasi zile zipo kisheria na zitajazwa tuwepo tusiwepo. Atakayezitaka tutamsaidia kujaza fomu kama tutakavyomsaidia mwingine yeyote. Lakini anayeongoza mkutano mkuu wa kijiji ni mwenyekiti. Mjane akinyang'anywa shamba na shemeji zake, mlango wa kwanza anaobisha ni wa mwenyekiti wa kitongoji. Na kwenye viti hivyo wanawake hawapo. Uchaguzi wa 2019, kwa nchi nzima, walikuwa asilimia 2.1 tu ya wenyeviti wa vijiji. Mijini hali ilikuwa afadhali kidogo, asilimia 12.6 ya wenyeviti wa mitaa.

Bungeni picha ni ileile. Katiba inataka wabunge wanawake wa viti maalum wasipungue asilimia 30, na baada ya uchaguzi wa 2020 viti hivyo vilikuwa 113. Walioshinda majimboni mwaka huo ni wanawake 26, na majimbo ni 264.

20 hadi 26 Julai

Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, amezindua hapa Kigoma uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura kwa nchi nzima. Mkoa wetu uko kundi la kwanza, siku saba. Tumegawana vituo.

Mabinti waliotimiza miaka 18 wamejitokeza vizuri, hasa Mwanga na Gungu. Kazi kubwa imekuwa kwa wanawake walioolewa mbali na kwao. Wengi bado wameandikwa kwenye kata walikozaliwa, na hawakujua kwamba taarifa zinahamishwa palepale kituoni. Wenye watoto wachanga wamepishwa mbele ya foleni karibu kila tulipopita, na foleni haikunung'unika.

Agosti

Ziwa limefunguliwa. Tangu 15 Mei hadi 15 Agosti uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa ili samaki wazaliane, na miezi hiyo mitatu imewakausha mitaji akina mama wa dagaa. Wanaotoka kwenye vikoba wamekula akiba, wengine wana madeni. Ukimwambia mama wa namna hiyo habari za kugombea anakusikiliza kwa adabu, halafu anakuuliza bei ya dagaa Kasulu ikoje wiki hii. Naona ni ukweli wa mambo, siyo kutojali. Katikati ya mwezi Waziri wa TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa, ametangaza siku ya kupiga kura: Jumatano, 27 Novemba.

Tumepanga ratiba ya vikao kwa kufuata mwezi wa angani. Dagaa wa huku wanavuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza. Mbalamwezi ikikolea boti zinapumzika na mwalo, yaani ufuko wa kushushia samaki, unapoa. Vikao vyote vya Kibirizi, Katonga na vijiji vya kaskazini vimewekwa siku za mbalamwezi. Mfadhili alitutumia ratiba ya kila Jumanne ya kwanza ya mwezi. Tumemwandikia tukamweleza, na amekubali.

Kitu kingine tulichoamua ni kutoitisha makongamano. Tunakwenda pale ambapo wanawake wameshakutana: kikoba, madrasa ya akina mama, kwaya, kikundi cha ngoma Ujiji. Bibi Titi Mohamed, alipopewa kazi ya kuingiza wanawake TANU mwaka 1955 pale Dar es Salaam, alianzia kwenye vikundi vya ngoma ya lelemama. Wale akina mama walikuwa tayari na viongozi wao, wahazini wao, na njia zao za kupelekeana habari nyumba kwa nyumba. Alichofanya ni kuwafuata walipo. Miaka karibu sabini imepita na sijaona mbinu bora kuliko hiyo.

Septemba

Kikao cha vyama vyote kimefanyika. Wamekuja akina mama wa UWT ya CCM, wa BAWACHA ya CHADEMA na wa Ngome ya Wanawake ya ACT-Wazalendo. Makubaliano yalikuwa matatu: hakuna sare za chama, hakuna nyimbo za chama, na hakuna kuambiana nani alisema nini ukitoka mlangoni. Nilidhani tutachelewa kuzoeana. Ndani ya saa moja mama wa CCM na mama wa ACT walikuwa wanahesabiana visa vya kura za maoni za vyama vyao, na visa vilifanana kama mapacha: jina linaongoza, usiku wazee wanakaa, asubuhi jina limeshuka.

Sheria hairuhusu mgombea binafsi. Kwa hiyo kila mwanamke, awe hodari namna gani, anapita kwenye mlango wa chama, na mlangoni wamekaa wanaume. Marekebisho ya sheria ya vyama ya mwaka huu yanavitaka vyama viwe na sera ya jinsia. Tumewaomba akina mama kila mmoja akaiulizie sera hiyo kwenye ofisi ya chama chake ya kata. Wengi walirudi wakisema ofisini hakuna aliyewahi kuiona.

Mifano ya wanawake waliofika juu tunaitaja, ila kwa kiasi. Rais ni mwanamke. Dorothy Semu amekabidhiwa uongozi wa ACT-Wazalendo Machi mwaka huu baada ya Zitto Kabwe, mtu wa hapahapa Kigoma. Dokta Florence Samizi alishinda jimbo la Muhambwe, kule Kibondo, katika uchaguzi mdogo wa Mei 2021. Wa Muhambwe ndiye anayewagusa zaidi, kwa sababu ni jimbo na ni mkoa huu. Kwa Rais wanasema, "Yule ni Rais, mwanangu," na mazungumzo yanaishia hapo.

Siku ya mazoezi ya kujieleza nitaiandika kwa urefu kidogo. Tulikuwa barazani kwa mama mmoja katika kijiji cha mwambao, dagaa wameanikwa kwenye chanja mbele yetu, na kila baada ya dakika chache mtu anainuka kufukuza kuku. Tulialika wazee watatu wa kijiji waje waulize maswali wanayoyauliza kweli, bila kutuonea haya. Mzee mmoja alimkazia macho mama anayetaka kitongoji.

"Mama, ninyi mna nafasi zenu za wanawake. Hii ya uenyekiti mnaitakia nini?"

Akanyamaza. Akafunga khanga vizuri. "Mzee wangu, zile zimewekwa ili tusipungue. Hakuna mahali palipoandikwa tusizidi."

"Na mumeo kasemaje?"

"Mume wangu usiku yuko ziwani, mimi alfajiri niko mwaloni. Kitongoji kizima kinatujua kwa kazi. Shikamoo yako haijapungua, babu, lakini swali hilo ungemuuliza na mwenyekiti wa sasa: mkewe alisemaje?"

Wazee walicheka, na aliyeuliza alicheka kuliko wote. Baada ya hapo wakaanza kumuuliza mambo ya kijiji: choo cha mwalo, mpaka wa shamba la shule, mapato ya ushuru yanayosomwa mara moja kwa mwaka wakati mkutano mkuu unatakiwa uitishwe kila baada ya miezi mitatu. Aliyajibu yote kwa majina na kwa mahali. Swali la nafasi maalum ndilo ukuta. Likishavukwa, mwanamke anayeuza dagaa anajua hesabu za kijiji kuliko wengi wanaoziandika.

Oktoba, siku za kuandikisha

Hapa ndipo mwezi wetu wote umekwenda, na wa kulaumiwa ni utaratibu wenyewe. Uandikishaji wa orodha ya wapiga kura kwa uchaguzi wa serikali za mitaa umefanyika 11 hadi 20 Oktoba. Orodha hii inasimamiwa na TAMISEMI. Daftari la Julai ni la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, kwa ajili ya uchaguzi wa Rais, wabunge na madiwani. Ni vitabu viwili tofauti, vya ofisi mbili tofauti, vimefuatana kwa miezi mitatu ndani ya mkoa mmoja. Mikoa mingine ambayo daftari bado halijafika, watu wameitwa mara moja. Kwetu wameitwa mara mbili, na wa mara ya kwanza walipewa kadi yenye picha.

Kwa hiyo kila nyumba tuliyobisha jibu lilikuwa hilohilo: "Sisi tulishajiandikisha." Mama anainuka, anaingia ndani, anarudi na kadi imefungwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya pindo la khanga. Ukimwambia hiyo haitamwezesha kupiga kura ya mwenyekiti wa kijiji, anakuangalia kama tapeli. Wengine walidhani tunataka namba ya kadi. Mwaka huu hofu ya kutapeliwa kwa namba imekuwa kubwa, na sikuwalaumu.

Tukabadili maneno. Badala ya kueleza sheria, tukawa tunauliza: "Mwaka wa jana nani alikugawia barua ya utambulisho ya kukopa?" Anasema mwenyekiti. "Basi huyo ndiye anayechaguliwa Novemba, na kitabu chake ni kile kilichoko pale shuleni." Hilo lilieleweka. Bahati nzuri siku zile kumi zilikuwa za mbalamwezi, akina mama walikuwa nyumbani. Jumapili ya mwisho makanisani walitangaza, na siku mbili kabla misikitini nako walitangaza baada ya swala ya Ijumaa. Vituo viwili vya njia ya Kalinzi jioni ile vilikuwa na foleni ya wanawake watupu wakitoka shambani na majembe.

Mwezi huuhuu vyama vimefanya kura za maoni. Mtia nia mmoja, mwanamke kijana, alikuja kutueleza kwamba mtu mwenye sauti kwenye mchakato wa chama chake alimwambia jina lake "litalindwa" akienda kumwona nyumba ya wageni. Tulikaa naye, tukamsomea kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kinachofanya jambo hilo kuwa kosa la jinai, na tukampa namba 113 ya TAKUKURU. Aliomba tusimtaje wala tusitaje chama. Hakuripoti. Alijitoa. Alikuwa mmoja wa wazungumzaji wetu wazuri kabisa, na kila nikipita mtaani kwao naumia upya.

1 hadi 7 Novemba, kuchukua na kurudisha fomu

Wiki ya fomu imeangukia giza, tena giza la kwanza zuri tangu ziwa lifunguliwe. Mwalo unawaka usiku kucha. Mgombea wetu wa kitongoji ananunua dagaa saa 11 alfajiri, anaanika, anageuza, na ofisi inafungwa mchana kabla hajamaliza. Wenzake wa kikoba wamegawana zamu za kumwanikia. Hakuna aliyewaambia. Ndiyo kazi nzuri kuliko zote iliyofanyika wiki hii, na haimo kwenye mpango kazi wetu.

Fomu yenyewe haina ugumu wa kutisha. Mgombea awe raia, awe na miaka 21 au zaidi, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe na shughuli halali ya kumwingizia kipato, awe mkazi, na adhaminiwe na chama. Tuliwaambia wajaze kwanza kwenye nakala ya mazoezi, jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho. Mwanamke wa huku ana majina mengi: la kuzaliwa, la ubatizo au la Kiislamu, la mume, na lile la Mama Fulani ambalo ndilo watu wanalijua. Jina moja likitofautiana na karatasi nyingine, pingamizi limepatikana.

Kinachotisha ni uraia. Kigoma ni mpakani. Burundi ni hapo milimani na Kongo ni ng'ambo ya maji. Familia zimevuka na kurudi tangu zamani, Waha na Warundi wanaelewana lugha bila mkalimani. Matokeo yake, mtu wa hapa akitaka uongozi, neno la kwanza la mpinzani wake ni kwamba huyu si Mtanzania. Kwa mwanamke linauma zaidi. Wengi wa umri wa miaka 40 na kuendelea wamezaliwa nyumbani kwa mkunga, hawana cheti, na kitambulisho cha taifa wanakisubiri bado. Mwanaume anayebaki kwao ana majirani wanaolijua kaburi la babu yake. Mwanamke ameolewa kijiji kingine. Mashahidi wake wako mbali, na nauli ya kuwafuata hana.

Mama mmoja wa milimani aliulizwa na mtumishi wa ofisi moja amtaje bibi mzaa babu yake. Alimtaja. Akaulizwa alizikwa wapi. Akaomba ruhusa atoke nje, akampigia simu kaka yake, akapewa jina la bonde na la mti uliokuwa karibu. Aliporudi mezani akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na wewe ndugu yangu, wa kwako amezikwa wapi?" Fomu ilipokelewa.

8 Novemba na siku zilizofuata

Uteuzi umetangazwa. Baadhi ya wanawake tuliokuwa nao wameteuliwa kugombea uenyekiti, wengi wao wa chama tawala. Wa vyama vya upinzani wamekatwa karibu wote, pamoja na mama aliyekuwa anataka mtaa mmoja wa mjini ambaye fomu yake tuliipitia mstari kwa mstari. Sababu iliyobandikwa ukutani ni kwamba hakujaza kwa usahihi. Hakuelezwa ni wapi. Amekata rufaa, tumemsindikiza, rufaa haikupita.

Naandika hili bila kulizungusha. Mradi wetu hauna chama. Lakini hatuwezi kusema tunainua wanawake katika uongozi huku tukinyamaza pale mwanamke anapoondolewa kwenye karatasi ya kura na kura yenyewe haijapigwa. Kwenye taarifa ya mfadhili aya hii imeingia kama ilivyo hapa. Kuna mwenzetu alishauri tuilainishe, tukabishana, ikabaki.

Yule mama ameendelea kuja kwenye vikao. Ameanza kumfundisha kuongea mgombea wa kitongoji, ambaye ni wa chama kingine.

20 hadi 26 Novemba, kampeni

Siku saba tu. Fedha ni kidogo, na hilo limewasaidia wanawake, maana kampeni ya kitongoji ni ya kutembea na kusalimia. Mabango yaliyochapishwa tumeona machache.

Matusi yamekuwepo kama tulivyotazamia. Mmoja amesemwa malaya kwa sababu anatoka nyumbani usiku, na wanaosema ndio hao wanaokula dagaa anaowatoa mwaloni usiku huo. Tulikuwa tumeshakubaliana mapema: mgombea hajibu, anajibu mkwe. Mama mkwe wa mgombea mmoja, bibi wa makamo yake, alisimama mkutanoni akasema, "Huyu nimeishi naye nyumba moja. Mwenye neno aje aniulize mimi." Mkutano ukaendelea na habari za maji.

27 Novemba

Kura zimepigwa. Giza tena, kwa hiyo mwambaoni wanawake wamekuja kwa vikundi baada ya kuanika, kati ya saa 4 na saa 7 mchana. Mgombea wa kitongoji ameshinda. Njia ya Kalinzi yule mama wa kaburi la bibi ameshindwa na mwenyekiti wa zamani. Ameingia halmashauri ya kijiji kwa kundi mchanganyiko, yaani amegombea pamoja na wanaume na kuwapita. Mjini hatukupata mtaa hata mmoja katika ile tuliyofanyia kazi.

Desemba

Mwezi wa hesabu na risiti. Nyongeza moja: fungu la nauli za mashahidi wa uraia liliisha mapema kuliko lolote, na fungu la vipeperushi limebaki karibu nusu. Bajeti ijayo tumegeuza.

Januari 2025

Mwenyekiti mpya wa kitongoji ameitisha mkutano wake wa kwanza. Ameuweka siku ya mbalamwezi, saa 10 jioni, mwaloni. Amesoma mapato na matumizi aliyoyakuta, akasema wazi ni karatasi zipi hakukabidhiwa, akaomba zifike kabla ya mkutano mkuu wa kijiji. Mambo mengine yalikuwa ya kawaida: ulinzi wa injini za boti, mtaro, ugomvi wa mpaka wa ndugu wawili wa baba mmoja.

Oktoba kuna uchaguzi mkuu, wa madiwani ukiwemo. Wanawake wanne wamesema wanaitaka kata yenyewe, siyo udiwani wa viti maalum. Wawili hawana cheti cha kuzaliwa. Tumeanza na hao sasa, Januari, kabla homa ya uchaguzi haijapanda na kila karatasi kugeuka siasa: viapo vya wazazi na ndugu walio hai, barua za watendaji wa vijiji walikozaliwa, kadi za kliniki kwa waliobahatika kuzitunza. Jumatatu mwenzetu mmoja anapanda boti kwenda kijiji cha mpakani kumwona shangazi wa mmoja wao, mwenye umri mkubwa, ambaye ndiye shahidi pekee aliyebaki.